Mpango wa afya na daftari la ajali vimekuwa vitu viwili mbalimbali. Naviunganisha vipi?

Bi Karani (Amu)

Assalaam aleikum wanajukwaa. Mimi ni karani wa stoo katika kampuni ndogo ya ujenzi hapa Amu, yaani Lamu. Tunajenga na kukarabati nyumba, mjini na Shela, na tunauza vifaa: simiti, chokaa, boriti, nondo. Wafanyakazi wa kudumu pamoja na vibarua tunapita ishirini. Kazi yangu hasa ni mizigo inayoingia na kutoka, lakini kwa kuwa hati yangu inasomeka, daftari la ajali nalo nikatupiwa mimi.

Mwaka huu tajiri wetu ameleta kitu anachokiita mpango wa afya. Si mtu mbaya, niseme mapema. Alikwenda Nairobi kwenye mkutano wa makandarasi akarudi nao. Kila mwisho wa mwezi nesi anakuja kupima presha, sukari na uzito pale barazani. Ijumaa jioni kuna mpira, jezi amenunua yeye. Ukutani pamebandikwa chati ya uzito yenye majina ya watu, na anayepungua zaidi anapewa kadi ya simu. Pembeni yake iko chati ya pili, "Siku bila ajali". Mwezi ukipita hakuna aliyeumia, kila mtu anapewa unga na kilo mbili za sukari. Ndiyo, sukari. Nesi alicheka, mimi nikanyamaza.

Tangu chati hiyo ibandikwe, daftari langu limekauka. Lakini nikikaa mlangoni pa stoo najionea mwenyewe. Juzi alipita hamali mmoja na mfuko wa simiti begani, karatasi imepasuka upande wa shingo. Vumbi lilichanganyika na jasho likawa kama uji wa kijivu, unateremka mgongoni. Alipoutua, ngozi kuanzia nyuma ya sikio hadi begani ilikuwa nyekundu na imeanza kuchubuka. Nikamwambia njoo nikuandike. Akanijibu, "Bi karani, usituharibie unga wa watu." Akajiosha kwa maji ya bahari pale pale gatini, akarudi kubeba.

Nikafungua kurasa za kabla ya chati. Mgongo. Kifundo cha mguu. Kuteleza kwenye ngazi za gati. Kidole kubanwa kati ya nondo na ukuta kwenye kichochoro. Nyingi zimeangukia siku za kupakua jahazi linalotoka Mokowe, na karibu zote ni kati ya saa nne na saa sita asubuhi. Nyapara anasema ni uvivu na miraa. Tajiri anasema ni presha na unene, ndiyo maana akaleta mpango. Mimi naona kuna jingine, ila sijaweza kulitaja.

Sasa nimeagizwa niandike mapendekezo ya kuviunganisha, afya na usalama viwe mpango mmoja, kabla Ramadhani haijaingia. Naanzia wapi? Namtaka mtu aliyeifanya kazi hii. Maneno ya semina ninayo tayari, nimepewa kwenye faili.

Fundi wa Langoni

Dada, hayo ni mambo ya kuletwa. Mahamali wa Amu wamebeba mizigo toka enzi za majahazi ya Arabuni na hakuna aliyepimwa sukari. Mwambie tajiri pesa za jezi azitie kwenye ujira. Hamali akilipwa vizuri hana haja ya kukimbia na mifuko ili awahi kibarua kingine Shela. Na mpira wa Ijumaa nao ni balaa. Jumamosi mafundi wangu wawili wanapanda jukwaa la ujenzi wanachechemea, vifundo vimevimba. Hilo halimo kwenye chati yoyote.

Punda wa mji huu wana kliniki yao tangu 1987, wanaangaliwa kwato na meno bila malipo, na mwenye punda akizidisha mzigo anakemewa. Hamali akizidishiwa anapewa jezi.

Mzee wa Chumvi (Malindi)

Waleikum salaam, mwanangu. Umemtaka aliyefanya, basi nisome mpaka mwisho.

Nilikaa kwenye kamati ya usalama ya shamba moja la chumvi huku kaskazini ya Malindi, upande wa Gongoni, mpaka nikastaafu. Kule nako vilikuwa vitu viwili. Kliniki ilikuwa chini ya ofisi ya wafanyakazi, daftari la ajali lilikuwa kwa msimamizi wa mitambo, na wawili hao hawakukaa meza moja hata siku ya chai ya mwisho wa mwaka. Kliniki iliandika "kidonda cha mguu" wiki baada ya wiki, ikatoa dawa ya kupaka na mawaidha ya kuosha miguu. Daftari la ajali halikuandika kitu, kwa sababu kukatwa na ukoko wa chumvi hakukuhesabiwa ajali. Mtu anakwaruzwa asubuhi, anashinda ndani ya maji ya chumvi hadi magotini, kidonda hakifungi, anaanza kuchechemea. Anayechechemea huku akisukuma wilbaro la chumvi juu ya tuta jembamba ndiye anayeanguka na wilbaro likamlalia. Nesi aliuona mguu, msimamizi aliona kuanguka, na mtu ni yule yule. Daftari hizo mbili zilipowekwa pamoja ndipo vikanunuliwa viatu vya mpira vya saizi za watu. Kabla ya hapo zilikuwa zikija saizi moja, mwenye mguu mdogo anavivua na kuviweka tutani.

Basi anza kwa kuzibandua chati zote mbili. Ya uzito inaaibisha watu hadharani. Ya ajali ndiyo mbaya zaidi, maana imemfanya kila hamali kuwa polisi wa mwenzake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aripoti ajali kwa ofisa wa usalama kazini wa eneo lake: ya kifo ndani ya saa 24, na ile isiyo ya kifo kwa maandishi ndani ya siku 7. Hakuna kifungu kinachosema isipokuwa pakiwa na unga. Na ile sheria ya fidia ya mwaka huo huo, WIBA, inampa aliyeumia akakaa nje ya kazi siku 3 au zaidi haki ya kulipwa, tena inamlazimu mwajiri kuwa na bima. Huyo hamali wako aliyenyamaza, mgongo ukimshinda mwakani atasimama na karatasi gani? Na tajiri naye, bima watakapomuuliza mtu huyu aliumia lini na wapi, atawaonyesha chati?

Zawadi ikiwa lazima iwepo, apewe anayeripoti. Aliyesema "ubao wa kushukia jahazi umepasuka" kabla haujamwangusha mtu, huyo ndiye wa kupewa unga.

Sasa hilo la saa nne hadi saa sita. Chukua kurasa zako za nyuma, chukua kalenda ya Kiislamu, andika kando ya kila ajali tarehe ya mwezi. Nina dhana yangu ila nataka uione mwenyewe. Wewe ni mtu wa Amu, ukishaziona tarehe hutahitaji mtu wa Malindi akufasirie.

Kuhusu mpangilio wa mapendekezo. Wamarekani wana taasisi yao ya usalama kazini, NIOSH, ambayo mwaka 2011 ilianzisha mradi wa hili hili unaloliuliza. Ngazi zao ni hivi: kwanza iondoe hatari yenyewe, ikikushinda, weka badala yake kitu chenye nafuu, halafu panga upya mahali pa kazi na namna ya kazi, baada ya hapo ndipo umfundishe mtu, na mwisho kabisa ndipo umhimize abadilishe mwenendo wake. Tajiri wako ameanzia ngazi ya mwisho. Taasisi hiyo hiyo, kwenye hesabu yake ya kunyanyua mizigo, inaanzia kilo 23, na hizo ni kwa hali njema kabisa, mzigo uko karibu na mwili, una pa kushika, sakafu kavu, mtu hajipindi. Mfuko wa simiti ni kilo 50, hauna pa kushika, na ngazi za gati lenu zina mwani. Mpunguze hamali kilo tano za tumbo, bado ana hamsini begani. Hata sheria yetu inamkataza mwajiri kumbebesha mtu mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumdhuru, kwa hivyo usiandike kama unaomba hisani.

Fundi wa Langoni amesema kwa ukali lakini kagusa penyewe. Bi Karani, mahamali wenu wanalipwa kwa siku au kwa mfuko? Kama ni kwa mfuko, hapo hapo pana chanzo cha ajali na cha maradhi pia. Anayelipwa kwa mfuko hapumziki, hanywi maji, hasemi mgongo unauma. Nesi akimwambia apumzike, anamwambia apoteze pesa.

Miraa tusijidanganye, ipo, na asiyelala haoni ubao vizuri. Lakini kabla nyapara hajatoa amri, aulize jahazi liliingia saa ngapi usiku na nani aliambiwa alilinde hadi asubuhi halafu abebe.

Na mkiwa ishirini au zaidi, sheria inawataka muwe na kamati ya usalama na afya, nusu upande wa mwajiri na nusu wachaguliwe na wafanyakazi. Hiyo ndiyo meza yako. Mkaribishe nesi, hamali mmoja anayejua kusema, na wewe na daftari. Nyapara akae, asikilize.

Nesi wa Zamu (Malindi)

Mzee wa Chumvi, shikamoo. Bi Karani, naongeza ya upande wangu, kwa sababu naona nesi wenu amewekwa mahali pabaya bila yeye kutaka.

Kwanza, vipimo vinasomwa wapi? Umesema barazani. Presha ya mtu haisomwi barazani huku wenzake wamesimama foleni wanasikiliza. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, hazisambazwi ovyo. Kinachotakiwa kumfikia tajiri si namba. Ni karatasi yenye sentensi moja: fulani anaweza kazi zote, au fulani asipande jukwaani kwa sasa, au fulani apewe kazi ya kivulini hadi tarehe kadha. Namba zinabaki kwa nesi na mwenyewe. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo orodha ya wenye sukari iliishia mezani kwa meneja, na waliokuwamo wakaanza kukosa zamu mmoja mmoja. Baada ya hapo kila tukija kupima, watu wana safari.

Pale afya na ajali zinapokutana hasa, kwa kazi yenu, ni hapa. Dawa nyingine za presha ni za kukojoza. Mtu anayezimeza asubuhi kisha akabeba simiti kwenye jua la kaskazi, msimu wa joto, anaishiwa maji upesi kuliko mwenzake, anasimama ghafla, kizunguzungu, chini. Dawa nyingine za presha zinapunguza kasi ya moyo, na mwili unashindwa kujipoza vizuri. Watu kama hao hawafukuzwi kazi. Wanabadilishiwa saa, au wanazungumza na daktari kuhusu dawa na wakati wa kuimeza. Wasiache wenyewe, tafadhali.

Mwenye sukari ya muda mrefu mara nyingi miguu yake imekufa ganzi. Akikanyaga msumari gatini na kandambili hajui mpaka jioni aone damu. Huyu buti ndiyo dawa yake ya kwanza. Na wote, wote kabisa, waulizwe chanjo ya pepopunda. Misumari yenye kutu, mbolea ya punda kila kichochoro, vidonda vya miguu: sijui mahali panapoihitaji chanjo hiyo kuliko Amu. Kama nesi anakuja kila mwezi na hajawahi kuiuliza, hiyo iwe kazi yake mwezi ujao, uzito usubiri.

Huyo hamali wa shingo nyekundu ameungua. Simiti ikilowa, hata kwa jasho, ni kali, inaendelea kula ngozi hata mtu akishaacha kubeba, na chokaa vile vile, hasa machoni. Maji ya bahari kidogo hayatoshi. Pawe na pipa la maji safi lenye bomba pale pale mnapopakulia. Ngozi ioshwe kwa maji mengi mpaka pasibaki simiti, na nguo iliyolowa ivuliwe. Jicho likiingiwa na chokaa lioshwe bila kukoma dakika 15 hadi 20, kisha hospitali, hata kama maumivu yametulia. Begani wavae kitambaa kizito kikavu, kibadilishwe kikilowa. Mfuko uliopasuka usibebwe begani, utiwe ndani ya gunia na uende kwa mkokoteni.

Bi Karani (Amu)

Ahsanteni, na Mzee, shikamoo. Nimefanya ulivyoniambia, nimeandika tarehe za mwezi kando ya ajali. Nimeona aibu kuishi hapa maisha yangu yote na kulihitaji daftari liniambie. Ni bamvua, yale maji makubwa ya mwezi. Karibu zote ni mwezi mwandamo na mwezi mpevu, siku mbili tatu huku na huku. Siku hizo maji hujaa alfajiri, na saa nne, saa tano yamekupwa kabisa. Jahazi linalala chini, ubao unasimama kama ngazi, na zile ngazi za gati zilizokuwa chini ya maji zinaachwa wazi na mwani wake. Sisi tunaanza kupakua saa tatu kwa sababu ofisi inafunguliwa saa mbili na mimi ndiye mwenye ufunguo wa stoo. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, saa hizo hizo, karibu hakuna ajali.

Nyapara nilimwonyesha. Aliangalia, akasema hata miraa huliwa zaidi mwezi mpevu. Basi.

Malipo ni kwa mfuko, Mzee. Umejua bila kuambiwa.

Tajiri nimemgusia. Kwa saa amesema sawa, lakini kuanza alfajiri wenye jahazi watadai pesa za kulala. Pia Ramadhani sasa inaangukia Februari na Machi, kaskazi yenyewe, mahamali wengi wamefunga. Hapo nifanyeje?

Nahodha Mstaafu

Bi Karani, pesa za kulala hazipo kama mzigo unapakiwa Mokowe alasiri na jahazi linaingia Amu na maji ya magharibi. Linafungwa gatini, asubuhi liko tayari. Hilo mwambie nahodha, asikudanganye. Siku za bamvua anzeni mara baada ya swala ya alfajiri, maji yakingali juu, na saa mbili muwe mmemaliza au mmesimama. Kilichobaki kisubiri maji ya alasiri yakijaa. Maji mafu pakueni mtakapo.

Ubao: ule mlionao nimeuona, ni ubao mmoja mwembamba unaocheza. Tieni mbao mbili zilizounganishwa, upana wa kutosha mtu na mzigo wake, na visigino vya mbao vilivyopigiliwa kila hatua. Kichwa kifungwe gatini kwa kamba, mkia uwe na pa kuteleza ndani ya jahazi maji yanapopanda na kushuka. Ngazi za gati zikwanguliwe mwani maji yakipwa. Ni kazi ya mtu mmoja na jembe, na isisubiri mtu aanguke.

Halafu kwa nini mnabeba kutoka ndani ya jahazi? Zamani mizigo mizito ilipandishwa kwa kapi, lile gurudumu la kupitishia kamba. Simamisheni miti miwili mizuri ya mkoko gatini, ifungwe kichwani, kapi lining'inie. Mifuko inatiwa kwenye wavu, watu wawili wanavuta wakiwa wamesimama pakavu, inateremkia moja kwa moja kwenye mkokoteni. Bega la mtu halihusiki mpaka stoo. Vijana watasema inachelewesha. Wahesabie na siku wanazokaa nyumbani na mgongo.

Nesi wa Zamu (Malindi)

Ramadhani. Aliyefunga hanywi maji mchana, kwa hivyo hakuna mawaidha ya maji yatakayomsaidia saa tano. Mtakachoweza kukibadilisha ni saa. Kazi nzito iishe asubuhi mapema, kabla jua halijapanda, na maji ya alasiri siku za bamvua msiyatumie mwezi huo kwa waliofunga, kwa sababu hapo ndipo wamekauka kabisa. Mzigo uliobaki ulale hadi kesho. Mchana ziwe kazi za kivulini: kupanga stoo, kunoa, kuchagua boriti.

Wanaotumia dawa za sukari au presha wakutane na nesi au daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, dawa zipangwe kati ya futari na daku. Baadhi ya dawa za sukari zinaweza kumshusha mtu ghafla akiwa hajala, na juu ya jukwaa hilo si jambo la kujaribu. Kutoboa kidole kupima sukari masheikh wengi wamesema hakubatilishi saumu, ila muombe imamu wa hapo kwenu aseme mwenyewe, watampokea yeye kuliko mimi.

Wasiofunga wapewe maji mahali pao penye kivuli, glasi moja kila dakika 15 au 20 kazi ikiwa nzito, wasisubiri kiu. Wasifikie lita moja na nusu kwa saa, maji mengi kupita kiasi nayo yana madhara yake. Na kibarua mgeni wa joto, yule aliyeshuka jana kutoka bara, siku ya kwanza apewe kama sehemu moja ya tano ya kazi, kila siku aongezewe. Wengi wanaouawa na joto kazini ni wa siku za mwanzo.

Mzee wa Chumvi (Malindi)

Marahaba, wote. Nesi na nahodha wamemaliza sehemu kubwa. Langu ni namna ya kuliandika ili tajiri asome. Usianze na sheria, utamtisha ampigie wakili simu. Anza na kurasa zako na tarehe za mwezi, ukurasa mmoja tu. Kisha kapi, ubao, pipa la maji, ufunguo wa stoo upewe mtu wa pili wa kufungua alfajiri. Halafu malipo: kima cha siku, na ziada kwa kundi zima mzigo ukiingia mkavu bila mifuko kupasuka. Nesi aje siku ya kupakua, akae gatini saa mbili nzima na kuangalia kazi kabla hajafungua mashine yake ya presha. Atajifunza mengi kuliko barazani. Mpira muuache. Watu wanaupenda. Uhamie siku ambayo kesho yake hakuna jukwaa, na kifundo kikivimba kiandikwe nacho.

Sheria ziweke nyuma kabisa, karatasi ya mwisho. Akifika hapo atakuwa ameshakubali.

Fundi wa Langoni

Kima cha siku naunga mkono. Lakini ziada ya kundi itazua ugomvi, mmoja akipasua mfuko wote wanakosa. Ni chati ile ile kwa jina jingine.

Mzee wa Chumvi (Malindi)

Hoja yako ina uzito. Basi kima cha siku peke yake, kiwe kizuri.

Bi Karani (Amu)

Nimempelekea. Chati ya ajali imebanduliwa. Ya uzito amekataa kabisa, anasema yeye mwenyewe yumo na anaongoza. Nimemwomba angalau aondoe majina, atafikiri. Kima cha siku atajaribu kwa mahamali wa gatini tu kwanza. Nesi amekubali kuja asubuhi ya kupakua, na pepopunda ameiandika.

Kapi amelipenda kuliko vyote, ameshatuma mtu kuulizia. Nahodha, la mbao au la chuma? Na kamba tuliyonayo ni ile ya buluu ya plastiki.

Nahodha Mstaafu

La chuma, lenye ndoana inayofunga, na liwe limechapwa juu yake uzito linaobeba. Lisipoandikwa usilinunue. Ile ya buluu achana nayo, jua linaila kimya kimya, huioni imeoza mpaka ikatike. Nunua ya manila nene, mpya. Wavu ubebe mifuko miwili tu kwa mara moja, na asipite mtu chini yake, hata tajiri.